Mgeni katika Banda la Shangazi Koleta

Usiku ule mimi na shangazi hatukulala. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeitishwa mchana pale ofisi ya mtendaji, na tulijua utaisha kabla ya jua kuzama, kwa sababu watu wa huku hawapendi kutembea gizani kwenye utelezi. Jua likazama. Ukungu ukashuka mpaka migombani. Mdogo wangu Elirehema hakuja wala hakupiga simu, na alikuwa ameahidi kwamba akitoka tu mkutanoni atapita kwetu kabla hata ya kunywa chai.

Mimi sikuwa nimekwenda. Shangazi Koleta hawezi kuachwa peke yake mchana mzima. Akilala upande mmoja muda mrefu ngozi ya kiunoni inachubuka, na ikishachubuka inachukua miezi kufunga. Siku nyingine humwachia binti yangu Jenifer, lakini siku hiyo alikuwa na mtihani, na nilishaapa kwamba mtihani hataukosa tena.

"Umesikia pikipiki?" shangazi akauliza.

"Hapana, shangazi. Ni maji ya mfereji."

"Huyo mtoto atakuwa amekaribishwa chakula mahali. Tangu zamani hawezi kuipita harufu ya makande."

Huyo mtoto ana mvi. Nilicheka kidogo, nikachochea moto, nikaendelea kusikiliza barabara.

Tuliyokuwa tunayasubiri ni haya. Serikali ilikuwa imeleta mpango wa kuwatunza wazee wasiojiweza majumbani kwao. Mzee akipitishwa, anapata mhudumu aliyefundishwa, anayekuja kila asubuhi kumwogesha, kumgeuza na kumnyoosha viungo, na mshahara wa mhudumu unalipwa na serikali. Anapata na kiti cha magurudumu. Siku ile ndiyo majina yalikuwa yanasomwa mbele ya watu, moja moja, ili mwenye neno aseme. Jina la shangazi lilikuwamo, lakini lilikuwa na alama ya kuuliza pembeni, na alama hiyo ilikuwa ni ng'ombe.

Ili mtu aelewe habari ya huyo ng'ombe, lazima nieleze kwanza shangazi ni nani.

Alizaliwa hapahapa, kitongoji hiki cha juu ya Mamba, binti pekee katika nyumba ya wavulana watatu. Aliolewa Ndungu, kule bondeni kwenye mpunga. Mume akafa kwa homa kabla hawajapata mtoto, na ndugu wa mume wakamwambia kwa adabu kwamba nyumba inahitajika. Akapanda mlima na sanduku moja kichwani. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, akamkatia kipande kando ya shamba, pale kwenye mteremko ambapo jembe likikuponyoka unalifuata mpaka mtoni. "Hapa panakutosha," akamwambia. Mwaka huohuo mama yetu alifariki akimzaa Elirehema, na ikaonekana kwamba palimtosha kweli, kwa sababu alihamia kwetu kulea na hakupata muda wa kulima.

Elirehema alikuwa kichanga cha kulia usiku na mchana. Uji wa mchele haukumkaa. Shangazi alishuka Ndungu kwa miguu hadi kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akimfahamu tangu alipokuwa mke wa mtu kule, Mzee Swalehe, muuza vitambaa, akarudi na ng'ombe mwenye maziwa. Hakumnunua. Alikuwa ng'ombe wa kuwekeshwa.

Desturi hiyo kwetu ni ya zamani. Mtu mwenye ng'ombe, kwa sababu zake, humpeleka kwa mtu anayemwamini. Yule mtunzaji hukata majani, hukamua, hunywa maziwa, huchukua samadi. Ng'ombe na ndama hubaki wa mwenyewe, isipokuwa kwamba mara mojamoja mwenyewe humwachia mtunzaji ndama kwa shukrani. Hakuna karatasi. Na mtunzaji hamtaji mwenye ng'ombe. Ukiulizwa unasema, "Huyu ni mgeni," na muulizaji mwenye adabu anaishia hapo. Watu huficha ng'ombe kwa mambo mengi: wake wawili, ndugu wa kuombaomba, choyo tu. Kumtaja mwenyewe ni kumvua nguo barabarani.

Kwa maziwa ya yule ng'ombe Elirehema aliota meno, akasimama, akaenda shule kwa miguu iliyonyooka. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo, ndiye niliyekuwa nakata majani. Tulipouliza ng'ombe ni wa nani shangazi alituambia ni mgeni, nasi tulidhani ng'ombe wote wanaitwa hivyo.

Mzee Swalehe alipofariki, wanawe hawakujua kwamba baba yao alikuwa na ng'ombe huku juu. Shangazi angekaa kimya tu, asingeulizwa na mtu. Akamfunga kamba, akashuka naye, na mtamba mmoja nyuma. Wale vijana walipomwona mlangoni wakadhani ni mwanamke wa milimani amekuja kuuza, wakaanza kupunguza bei. Alipowaeleza, mkubwa wao alikaa chini kwenye ngazi. Mtamba wakamrudishia. Shangazi alimuuza huyo mtamba, Elirehema akaenda sekondari. Mimi niliishia darasa la saba, na silalamiki, mtamba alikuwa mmoja.

Elirehema alipomaliza shule alikwenda Same mjini, akafungua duka la vipuri vya bodaboda. Duka likashika. Akaoa, akajenga. Kisha siku moja akaja nyumbani na gari la kukodi, na ndani yake mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

"Shangazi, nakuwekesha," akasema. "Ila mtu asijue. Hata mke wangu."

Shangazi alifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Si kwa ajili ya maziwa. Alisema, "Umeona? Mtoto amenikabidhi kama Swalehe alivyonikabidhi." Akampa ng'ombe jina, Mgeni, ili hata akisahau asije akakosea. Mgeni akazaa. Ndama Elirehema aliwachukua walipoachishwa, mmoja baada ya mwingine. Ndama wa shukrani tuliendelea kumsubiri.

Mwaka juzi, wakati wa kuvuna tangawizi, shangazi alianguka shambani na jembe mkononi. Kiharusi kilimchukua mkono na mguu wa kushoto na upande mmoja wa mdomo. Akili kilimwachia yote. Tangu siku hiyo mimi ndiye mikono yake. Mume wangu yuko Tanga kwenye kazi za ujenzi, anakuja Krismasi. Asubuhi namgeuza, namwogesha, nambadilisha, namlisha uji, kisha nakwenda kumkatia Mgeni majani, narudi namgeuza tena. Shamba langu limekuwa pori. Mgongo wangu umeanza kuniuma mahali ambapo najua si pa kupona. Lakini kilichokuwa kinaninyima usingizi ni Jenifer. Mwalimu wake aliniita akaniambia mtoto ana akili ila hayupo. "Hayupo darasani, Mama Jenifer," akasema, "na anapokuwepo analala." Nililia njia nzima ya kurudi. Nilimwona Jenifer akizeeka ndani ya chumba cha shangazi kama mimi.

Kwa hiyo niliposikia habari za mpango ule, niliushika kwa mikono miwili.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuja kwa bodaboda akiwa ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Jina lake Sharifa, mtu wa Same mjini, mwenye sauti ya upole. Alimwamkia shangazi shikamoo akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, akamfunua akaangalia kiuno, akafunika taratibu. Mimi humtazama sana mtu anapofunika mgonjwa. Nikampenda.

Akauliza maswali yake. Ana shamba? Hana, anakaa kwenye la ukoo. Ana pensheni? Hana. Ana mtoto?

"Nina wawili," shangazi akasema. "Huyu Beatha hapa, na Elirehema."

"Ni watoto wa kaka yake," nikaeleza.

"Wa kuwazaa, bibi?"

"Nimekwambia nina wawili."

Sharifa alinitazama, kisha akasema kwa upole kwamba utaratibu unahesabu mtoto wa kuzaa tu. Mwenye mtoto wa kuzaa aliye na uwezo hapitishwi. Wa kaka hahesabiwi. "Hapo ni bahati yako, bibi," akasema.

Shangazi alicheka na ule upande mmoja wa mdomo. "Basi andika sina," akasema. "Ikiwa kutokuwa nao ndiyo bahati." Kisha akageuza uso ukutani.

Sharifa aliaga. Tulipotoka nje nikaona macho yake yamesimama kwenye banda.

"Na huyu ng'ombe wa maziwa?"

"Ni mgeni," nikasema.

Yeye ni mtu wa mjini, hakuishia hapo. "Mgeni ni nini, mama? Ni wa nani?"

Kabla sijafungua kinywa, shangazi alikohoa ndani. Hakuwa na kikohozi. Nikasema, "Ni wa kuwekeshwa. Mwenyewe yupo."

"Basi mwenyewe aje aseme. Sikiliza, mama. Mzee mwenye ng'ombe wa maziwa hahesabiwi kuwa hajiwezi. Ndivyo kanuni inavyosema, mimi sikuitunga. Siku ya mkutano majina yanasomwa. Mwenye ng'ombe asimame mbele ya mwenyekiti aseme ni wake, basi, bibi anapita. Na tafadhali, asije mtu akamhamisha ili bibi aonekane hana. Aliyeuza au kugawa mali ndani ya miaka miwili anahesabiwa bado anayo. Watu wameshatufanyia hivyo sana."

Kesho yake nilipanda gari la asubuhi kwenda Same. Jenifer alibaki na shangazi.

Elirehema nilimkuta dukani, katikati ya matairi yaliyoning'inia. Aliniagizia soda, nikamweleza yote.

"Dada, hili ndilo limekutoa mlimani? Ungenipigia simu."

"Neno la kuapa halisemwi kwenye simu."

"Sasa hapa niape kwa nini? Kwa betri au kwa tairi?" Akacheka, nami nikacheka, kwa sababu tangu utotoni hajui kusema jambo bila mzaha. Kisha akaweka mkono juu ya boksi la betri. "Nitakuja. Nitasimama. Nitasema ng'ombe ni wangu. Shangazi ndiye mama yangu, au umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi kunywa soda."

Nilikunywa, lakini nilikuwa nimeona jambo. Alipotamka "ni wangu" aliteremsha sauti, na dukani hapakuwa na mteja hata mmoja. Nikajua anawaza nini, maana nami nilikuwa nikiwaza hilohilo ndani ya gari.

Mwaka uliopita kanisa letu la nyumbani lilianza kujenga upya. Watu wetu wanapenda mtoto wa nyumbani aliyefanikiwa mjini awe mbele, wakamchagua Elirehema mwenyekiti wa ujenzi. Jumapili ya mavuno mchungaji aliomba kila mwenye ng'ombe wengi alete mtamba mnadani kwa ajili ya paa. Watu wakamgeukia mwenyekiti wao. Elirehema akasimama na suti yake, akaweka mkono kifuani, akasema, "Ndugu zangu, ningekuwa na hata ndama mmoja ningemleta hapa leo kwa miguu yangu. Mungu anajua sina." Nilikuwa nimekaa benchi la akina mama. Nyumbani Mgeni alikuwa na mimba kubwa. Nilipomsimulia shangazi jioni, akasema, "Ni wake. Akitaka kusema hana, ni wake kusema."

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyazungusha kichwani usiku ule wa kusubiri. Watu wa mkutano wa kijiji ni walewale wa kanisani. Lakini nilijiambia, paa ni paa, na shangazi ni shangazi. Mtu hawezi kuvilinganisha.

Alfajiri ilitukuta hivyohivyo. Nilikuwa nakamua niliposikia hatua, nikaacha ndoo chini ya ng'ombe. Hakuwa Elirehema. Alikuwa jirani yetu Tumainieli, anayeimba besi kwaya, akija kwa kasi na meno yote nje.

"Hongereni! Hongereni sana jamani!"

"Amepita?"

"Nani?"

"Shangazi! Jina lake limepita?"

"Aa, hapana, hilo halikupita. Nasema hongereni kwa ndugu mliye naye! Tuingie, bibi naye asikie, mzee kama huyu anastahili kusikia."

Akaingia moja kwa moja, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akasimulia kama mtu aliyetoka harusini. Jina la shangazi lilisomwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Loth, akauliza, je, ng'ombe aliye kwenye banda la Koleta ni wa nani? Elirehema akasimama. Elirehema akasema, ng'ombe yule ni wa shangazi yangu. Nilimnunua mimi, lakini nilimpa. Mama aliyeninyonyesha kwa maziwa ya ng'ombe, nami nimemrudishia ng'ombe.

"Hayohayo, neno kwa neno!" Tumainieli akasema. "Akina mama wakalia. Na sasa tumeelewa kwa nini siku ya mavuno alisema hana. Kumbe alichokuwa nacho alishampa shangazi yake! Na kuna watu walikuwa wanamnong'ona, nakwambia jana walitazama chini."

"Na afisa?" nikauliza.

"Yule binti? Akasema basi, mwenye mali hapitishwi, akauliza kama kuna mwenye neno. Nani awe na neno? Tulikuwa tunapiga makofi."

Shangazi alikuwa hajatikisika. "Na wewe ulipiga?" akauliza.

"Nilipiga sana, bibi!"

"Asante, Tumainieli," shangazi akasema. "Beatha, mpe chai."

Nikampa. Alipoondoka nilikaa kwenye kigoda kile nikamtazama shangazi. Nilitegemea atalia au atamlaani. Alikuwa akitazama dari. Mwisho akasema, "Aliposema nilimnyonyesha kwa maziwa ya ng'ombe, hapo alisema kweli."

Mimi nilimpigia Elirehema. Simu iliita ikakatika. Nilipiga mpaka nikachoka.

Kisha nikafanya ambalo shangazi hakutaka. Nilikwenda mpaka pale kwenye kilima cha kanisa, nikampigia Sharifa, nikamtaja mwenye ng'ombe kwa jina lake lote. Nilimwambia ni wa mdogo wangu, amedanganya, na sababu yake naijua.

"Nakuamini, mama. Hata jana niliona ulivyosema siku ile na alivyosema yeye haviendani. Lakini neno la jamaa wa mgonjwa sipokei, ningelipokea kila mtu angekuja na lake. Aje yeye mwenyewe aseme mbele ya mwenyekiti. Hata kesho, hata mwezi ujao kabla sijafunga majina, mwenyekiti atanipigia na nitamrudisha bibi siku hiyohiyo. Ila yeye mwenyewe."

Nilirudi nikamweleza shangazi, nikidhani nimeleta tumaini. Alikasirika. Mdomo wake ukawa mzito zaidi. "Umemtaja," akasema. "Sijawahi kumtaja mtu. Hata Swalehe sikumtaja, mpaka alipokuwa kaburini." Hakusema nami mpaka jioni, nami nilimgeuza na kumwogesha tukiwa kimya kama watu waliokosana njiani.

Mvua zilikuwa zimepungua kidogo Elirehema alipokuja. Alikuja na gari dogo la mizigo. Ndani yake alikuwamo mnunuzi wa ng'ombe kutoka Ndungu anayeitwa Yunus, na nyuma, ameshika mkongojo wake, Mzee Loth mwenyekiti. Nilipomwona Loth nikajisemea, amekuja kusema. Ameleta na shahidi.

Aliingia chumbani akiinama. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umeiona njia."

"Kazi, shangazi. Unajua mambo ya mjini." Akakaa pembeni ya kitanda, akamshika ule mkono usiosikia. Sidhani kama alijua ni upi. "Shangazi, nimefikiria sana. Huyu ng'ombe amekuwa mzigo kwa dada. Mgongo wake ule, majani, matope. Nimemleta Yunus, anatoa bei nzuri. Tumuuze, mimi nitakuwa nakuletea nepi na sabuni."

Nilitazama mlangoni alikosimama Loth. Kumbe alikuwa ameletwa kwa ajili ya kibali. Ng'ombe hatoki kijijini bila kibali cha mwenyekiti, na mwenyekiti hawezi kuandika kibali bila kumsikia mwenye ng'ombe. Na mwenye ng'ombe, tangu siku ya mkutano, alikuwa shangazi.

"Dada Koleta," Loth akasema, "mimi nahitaji neno lako tu. Ukisema unauza, naandika."

"Mwenyekiti," shangazi akasema polepole, ili kila neno litoke zima. "Nikimuuza, jina langu litarudi kwa yule binti?"

Loth akajikuna shingo. "Utaratibu wanasema miaka miwili. Aliyeuza anahesabiwa bado anayo."

"Na kama si wangu?"

"Kama si wako, mwenyewe aseme hapa mbele yangu. Simu ninayo mfukoni. Nampigia afisa sasa hivi."

Chumba kilikuwa kidogo, tulikuwa tunasikia pumzi za kila mmoja. Nilifungua kinywa. Shangazi alininyooshea mkono wake mzima, akanishika kanga, akanivuta chini nikakaa.

"Elirehema," akasema. "Ng'ombe ni wa nani?"

Elirehema alitabasamu, kama anavyotabasamu kwa wateja. "Shangazi, si unajua mwenyewe?"

"Najua. Mwenyekiti hajui."

Nje Yunus alipiga honi mara moja, akapaza sauti. "Jamani, gari liko kwenye mteremko na breki zake mimi sizijui vizuri! Huyo ng'ombe ana mwenyewe au hana?"

Nilimtazama mdogo wangu usoni, nilivyokuwa nikimtazama alipokuwa mdogo akiwa na homa, nikitafuta dalili. Niliona macho yake yakienda kwa Loth, ambaye pia ni mzee wa kanisa, kisha yakarudi kwenye mikono yake. Mara moja nilidhani atasema. Midomo ilikwishafunguka.

"Ni wako, shangazi," akasema. "Nilishasema mbele za watu."

Shangazi aliniachia kanga. "Umesikia, mwenyekiti?"

"Nimesikia."

"Basi simuuzi."

Ufunguo wa kufuli la banda hukaa kwenye pindo la kanga yake tangu kabla ya kiharusi, ila siku hizi hulifunga fundo kwa mkono mmoja na meno. Alilishika fundo pale kifuani. Elirehema aliliona fundo. Aliinuka, akapangusa magoti ya suruali, na kwa mara ya kwanza tangu aingie hakuwa na mzaha.

"Sawa, shangazi," akasema. "Mimi nitasubiri."

Loth alitazama ncha ya mkongojo wake. Hata yeye alielewa ni nini kinachosubiriwa. Shangazi hana mtoto wa kuzaa. Siku akiondoka, mwanaume aliyebaki katika ukoo wa kurithi banda na kilichomo ni Elirehema peke yake.

"Subiri huko nje," shangazi akamwambia. "Humu ndani kuna mgonjwa."

Akatoka. Nilimfuata mpaka uani, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, naye alisema tu, "Dada, huelewi mambo haya," akapanda gari. Loth alikataa lifti, akateremka kwa miguu. Yunus alikuwa akilalamika kuhusu mafuta yake. Walipopita karibu na banda, Mgeni aliita, anavyoita akisikia gari, kwa sababu kila ndama wake aliondoka na gari.

Majina ya Sharifa yalifungwa mwezi uliofuata. Mhudumu alianza kuja kitongoji cha pili, kwa mzee mwingine. Naona mwavuli wake ukipita asubuhi wakati nakata majani. Jenifer amebakiwa na siku tatu za shule kwa wiki, tumepatana hivyo na mwalimu, na sijui zitamfikisha wapi.

Jioni ile baada ya gari kuondoka nilimgeuza shangazi alale akielekea ukutani, zamu ya upande huo ilikuwa imefika. Akasema hapana, nimgeuze upande wa dirisha, aone banda. Nikamgeuza. Ukungu ulikuwa umeshaanza kulifunika paa.

"Mlango umefungwa?" akauliza.

"Umefungwa, shangazi."

"Nenda uhakikishe."

Nikatoka, nikalivuta kufuli. Ndani Mgeni alikuwa akitafuna. Kufuli halikutikisika, nikarudi ndani kuchemsha maji.